Tahadhari: Plasta ya Moyo Si Dawa ya Mifupa

Kama nyumbani kwenu yupo mama anayebandika plasta ya nitrogliserini, au kujipaka marhamu yake, ili kutibu mifupa, mpelekeni kwa daktari leo. Msingoje kesho.

Nimeliona kwa macho yangu, hapa Qurum, Maskati. Nilikwenda kumwamkia mama wa rika la mama yangu, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Maskati na wanawe miaka ya sabini. Tulikuwa tumeshakunywa kahawa, adhana ya alasiri ikalia, akatandika msala. Alipoinuka kutoka kwenye sijida niliona mkono unapapasa ukuta. Midomo imempauka, jasho linamtiririka. “Si kitu mwanangu,” akaniambia, “ni kizunguzungu cha dawa tu.” Akapandisha mkono wa kanzu. Karibu na bega kulikuwa na plasta ndogo, ya mraba. Ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyekuwa mgonjwa wa moyo. Jamaa zake walimletea sauti kwenye WhatsApp kwamba ndiyo dawa mpya ya hashasha, ile mifupa kuwa myepesi na kuvunjika kwa jambo dogo.

Habari ile ina asili yake. Nitrogliserini ikiingia mwilini hutoa nitriki oksidi, gesi inayoilegeza mishipa ya damu. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kazi ya gesi hiyo mwilini. Kwenye maabara ikaonekana kwamba inagusa pia seli zinazojenga mfupa na zile zinazoumega. Matumaini basi hayakuwa ya kipuuzi.

Mwaka 2011 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa Toronto, Kanada, juu ya wanawake 243 waliokwishakoma hedhi. Ulidai kwamba marhamu ya nitrogliserini imeongeza uzito wa mfupa wa uti wa mgongo kwa karibu asilimia 7 katika miaka 2. Dunia nzima ikasikia. Lakini hospitali ya Women's College, ulikofanyika utafiti huo, ilichunguza ikakuta data zimechezewa, na mwishoni mwa mwaka 2015 jarida likaufuta. Kufutwa kwake hakukusikika hata robo ya kulivyosikika kuchapishwa, na hilo ndilo linaloniuma. Kabla ya utafiti huo wa Toronto, mwaka 2009, utafiti wa New Jersey wa wanawake 186 kwa miaka 3 haukuona faida. Mwaka 2020 watafiti wa Auckland, New Zealand, walijaribu tena kwa wanawake 240. Mifupa haikubadilika, kilichowapata wengi ni kichwa kuuma.

Sasa tazameni hatari yenyewe. Mishipa ikilegea, presha hushuka, hasa mtu anaposimama ghafla, na zaidi akiwa tayari anameza dawa za presha. Mzee huanguka. Mwenye hashasha akianguka, nyonga huvunjika, na nyonga ya mzee ikivunjika wengine hawasimami tena. Mama anaogopa kuvunjika, naye amebandika mwilini kitu cha kumwangusha. Na wanaume nao wasikie: nitrogliserini pamoja na vidonge vya nguvu za kiume huweza kuua.

Aliyeandikiwa dawa hii kwa ajili ya moyo asiiache ghafla. Moyo huweza kubana vibaya. Aendelee kama alivyoambiwa na daktari wake. Ninayemkataza ni yule anayeitumia kwa mifupa.

Hashasha ina tiba iliyothibitika. Upo kipimo cha uzito wa mfupa, DEXA, zipo dawa kama alendroneti, kidonge cha mara moja kwa wiki kinachomezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji, kisha mtu asilale kwa nusu saa. Wengi wetu hapa tuna upungufu wa vitamini D, kwa sababu jua la Maskati tunalikimbia na tunatoka baada ya magharibi. Hilo nalo lipimwe.

Leo usiku fungueni droo za dawa za wazee wenu, muwaulize kwa upole kila plasta ni ya nini. Na sauti ile ikikufikia, kutoka Unguja, Mombasa au hapa hapa Qurum, usiitume mbele; mpigie simu aliyekutumia, umwambie utafiti ule ulifutwa.