Kuhesabiwa Si Kusikizwa

Mpwa wangu amenijia na jambo. "Mjomba," aliniambia, "nataka kuendelea na masomo ya siasa, na usomi wangu uwe juu ya uwakilishi wa wanawake." Dada yangu, mamake, anasitasita, ameniachia mimi neno la mwisho.

Baada ya sala ya alasiri nililitaja barazani. Mwenzetu mmoja akacheka: "Elimu gani hiyo, ya kuhesabu mabibi Bungeni?"

Nilicheka nami, lakini usiku nikaona kuwa swali lile halikuwa la mzaha. Profesa Hanna Pitkin, aliyefundisha Berkeley huko Marekani, alipambanua katika kitabu chake cha 1967 kuwa kufanana na watu ni jambo moja, na kuwatendea kazi ni jingine. Hapa kwetu, Profesa Maria Nzomo wa Chuo Kikuu cha Nairobi ameandika kwa miaka mingi juu ya wanawake na siasa za Kenya.

Basi na tuanze kwa hesabu. Katiba ya 2010 yasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Tangu 2013 kuna viti 47 vya wawakilishi wanawake, kimoja kila kaunti. Lakini katika majimbo 290, walioshinda ni 16 mwaka 2013, 23 mwaka 2017 na 29 mwaka 2022. Mwezi wa Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kutotimiza sharti hilo, halikuvunjwa.

Sababu moja twaijua sote. Mwanamke akiomba jimbo huambiwa, "Wewe una kiti chako, tuachie hiki." Kilichowekwa kiwe mlango kimegeuzwa ukuta. Hata hivyo, Bi Mishi Mboko alitoka kiti cha kaunti ya Mombasa akashinda jimbo la Likoni 2017, na Bi Fatuma Achani, aliyekuwa naibu gavana, akachaguliwa gavana wa Kwale 2022.

Nimemwambia dada amwache asome. Lakini mpwa wangu nimempa sharti: asiishie kuhesabu viti. Aende Kwale na Lamu, akae na akina mama, awaulize: tangu mwenzenu akae kitini, ni neno gani lenu lililosikizwa? Akirudi na jibu, baraza letu halitacheka tena.