Pembe ya Faru na Muhuri wa Karani

Wengi wenu mtakumbuka sakata la Faru John. Desemba 2016, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa ziarani Ngorongoro, alitaka aonyeshwe nyaraka za kumhamisha faru huyo kutoka Kreta kwenda Grumeti, ambako alifia. Alitaka pia pembe zake. Kamati ikaundwa, pembe zikapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na nchi nzima ikawa inasubiri kuambiwa kama pembe zilizokabidhiwa zilikuwa kweli za marehemu au za faru mwingine. Mitandaoni watu walitania mno, nami nilicheka pamoja nao. Lakini tangu wakati ule kuna swali ambalo halijaniondoka. Ikiwa kwa faru mmoja, mwenye jina, anayefahamika kwa kila askari wa hifadhi, ilihitajika kamati na maabara ili kujua pembe yake ni ipi, tutajuaje asili ya pembe elfu moja zilizosagwa na kusafirishwa kwa kibali halali?

Swali hilo ndilo ninaloliona likirukwa katika mjadala wa kuhalalisha biashara ya pembe za faru.

Nyumbani kwa mjadala huu ni Afrika Kusini, yenye faru weupe wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na zaidi ya nusu yao wako mikononi mwa watu binafsi. Biashara ya kimataifa ya pembe imepigwa marufuku na mkataba wa CITES tangu mwaka 1977. Hata hivyo, marufuku hiyo haikuwazuia majangili. Mwaka 2007 nchi hiyo ilipoteza faru 13 kwa ujangili. Mwaka 2014 ilipoteza 1,215. Idadi imeshuka tangu hapo, lakini mwaka 2024 bado waliuawa 420, yaani zaidi ya mmoja kwa siku.

Wafugaji wana hoja, na haifai kuibeza. Pembe ya faru imeundwa kwa keratini, kama ukucha wa binadamu. Ikikatwa kwa uangalifu, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa, huota tena. Kwa nini basi, wanauliza, faru auawe kwa kitu anachoweza kukitoa akiwa hai? Ruhusuni tuuze, bei itashuka, jangili atakosa faida, na fedha zitawalipa walinzi. Mfugaji mkubwa kuliko wote, John Hume, aliyekuwa na faru wapatao 2,000, alisema gharama zimemshinda, akawaweka mnadani mwaka 2023. Hakutokea mnunuzi hata mmoja, mpaka shirika la African Parks lilipowachukua baadaye mwaka huohuo. Ukishika bunduki usiku kucha kulinda mali usiyoruhusiwa kuiuza, hasira yako inaeleweka.

Nakiri kwamba kwa miaka kadhaa niliifundisha hoja hii kwa kuiunga mkono. Ubaoni, ukichora mkondo wa ugavi na mkondo wa mahitaji, inaonekana haina pingamizi.

Kilichonibadilisha ni tembo. Mwaka 2008, kwa idhini ya CITES, Botswana, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini ziliuza zaidi ya tani 100 za meno ya tembo kwa China na Japani, kwa mara moja tu. Waliounga mkono walitarajia kwamba meno halali yangelijaza soko na kumkosesha jangili mteja. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu takriban 43,000. Wataalamu wanabishana ni kwa kiasi gani mauzo yale yalichochea mauaji, nami sijifanyi hakimu wao. Lakini sijamsikia mtu akisimama kudai kwamba yaliwalinda tembo wa Selous. Na tusisahau kwamba mwaka 2010, katika mkutano wa Doha, sisi wenyewe Tanzania tuliomba ruhusa ya kuuza takriban tani 90 za meno kutoka ghalani. Tulikataliwa, tukanung'unika. Tulikuwa tukiomba tuaminiwe kuwa wauzaji waadilifu katika miaka ileile ambayo tembo wetu walikuwa wakimalizwa porini.

Mfano wa pili unatoka Afrika Kusini kwenyewe, na unahusu faru. Sheria za huko zilimruhusu mwindaji wa kitalii kuua faru kwa kibali na kuchukua pembe kama kumbukumbu ya uwindaji wake. Mtandao wa magendo ukaona mwanya. Raia mmoja wa Thailand, Chumlong Lemtongthai, alihukumiwa mwaka 2012 kifungo cha miaka 40, ambacho rufaa zilikipunguza baadaye, kwa kuwatumia wanawake waliojifanya wawindaji ili wapewe vibali. Pembe zilipita uwanja wa ndege zikiwa na karatasi zote. Hakuna aliyehitaji kuruka uzio usiku. Zilihitajika saini tu, na saini zikapatikana.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Marufuku, pamoja na udhaifu wake wote, ina jambo moja jema: ni rahisi kuisimamia. Pembe ikikutwa bandarini ni kosa, na askari wa forodha hahitaji shahada ya sayansi ili kulijua hilo. Siku tutakapohalalisha, pembe iliyokutwa bandarini itakuwa swali. Imetoka wapi? Nani aliikata? Namba ya kibali ni ipi, na nani alikitoa? Ulinzi wa faru utakuwa umehama kutoka kwa askari wa porini mwenye bunduki kwenda kwa karani wa ofisini mwenye muhuri. Nawauliza ninyi mnaozifahamu ofisi zetu kwa ndani: kati ya milango hiyo miwili, ni upi ulio rahisi kuufungua? Wapo makarani waaminifu, na wengi wao ni wanafunzi wangu wa zamani. Lakini tunawalipa nini, na nani atawalinda siku watakapokataa shilingi milioni hamsini?

Kule Vietnam, pembe hainunuliwi kama dawa pekee. Ni zawadi ya kumpa mkubwa, ni alama ya ukwasi. Bidhaa ya namna hiyo ikiondolewa aibu ya uharamu, walioiogopa jana wataitaka leo. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba faru wa kufugwa watatosha kuwashibisha wanunuzi hao wapya.

Hata hivyo, wenzangu tunaopinga biashara hii nasi tuna deni. Katika mdahalo wa darasani muhula uliopita, baada ya mimi kuzungumza kwa muda mrefu, alisimama kijana mmoja aliyekulia jirani na hifadhi ya Mkomazi. Alisema: "Mwalimu, sisi faru tunamwona kwenye noti ya shilingi elfu tano, na noti yenyewe hatuipati." Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Akaeleza jinsi tembo walivyolila shamba la mahindi la mama yake, na jinsi kifuta jasho walichoahidiwa kilivyochelewa misimu miwili.

Sikuwa na jibu siku ile, na sitalitunga leo. Tunapomwambia mama yule kwamba pembe haiuzwi, tunamtaka alipie gharama ya kuishi na wanyama ambao watalii wanalipa kuwatazama. Marufuku isiyomlipa jirani wa hifadhi humtafutia jangili wenyeji wa kumwonyesha njia.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Napinga kuhalalisha biashara ya kimataifa ya pembe za faru kwa sasa. Kuuza pembe si dhambi kwa yenyewe. Tatizo ni kwamba hatujajenga ofisi inayoweza kuisimamia biashara hiyo. Atakayetaka nibadili msimamo anionyeshe kwanza mambo matatu. Kila pembe iliyo ghalani iwe imesajiliwa kwa vinasaba, na daftari lake liwe wazi kwa umma. Kesi za magendo ziwafikie wafadhili na maofisa wanaowafungulia njia, zisiishie kwa kijana aliyekamatwa na bunduki. Na kifuta jasho kilipwe ndani ya msimu uleule shamba lilipoliwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri kura ya CITES. Yote matatu yako ndani ya uwezo wetu mwaka huu, tuuze au tusiuze. Na wanafunzi mnaonisoma, baadhi yenu siku moja mtakalia kile kiti chenye muhuri. Mtakapoletewa karatasi ya kusaini, ulizeni pembe iko wapi, na mtake kuiona.