Mambo 23: Wakutubi wa Minnesota walipogeuka wanafunzi

Mwanzoni mwa mwaka 2008, wafanyakazi wa maktaba katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, walialikwa kufanya jambo ambalo maktaba nyingi wakati huo zilikuwa zikiwakataza vijana kulifanya kwenye kompyuta zake: kucheza.

Mwaliko huo ulikuwa sehemu ya mafunzo yaliyoandaliwa na mifumo saba ya ushirikiano wa maktaba ya jimbo hilo, ukiwemo ule wa eneo la miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul. Mafunzo yalikuwa na masomo 23. Mshiriki alijifunza mwenyewe, kwa wakati wake, kufungua blogu, kupanga picha mtandaoni, kuandika ukurasa wa Wiki, kusikiliza podikasti, kuingia katika Facebook na MySpace. Somo mojawapo lilihusu michezo ya mtandaoni na nafasi yake katika maktaba.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Minnesota. Mwaka 2006, Helene Blowers wa maktaba ya umma ya Charlotte, katika jimbo la North Carolina, alitunga mpango wa namna hiyo kwa ajili ya wafanyakazi wenzake, kisha akauacha wazi ili kila atakaye auchukue na kuurekebisha. Minnesota iliufungulia milango watumishi wa maktaba za aina zote: za umma, za shule, za vyuo na za taasisi maalumu.

Kwa nini wakutubi?

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki swali hili lina uzito wake. Minnesota ina jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani, na miji pacha ni makazi pia ya Waoromo, Waethiopia na Wakenya. Kwa mgeni aliyefika karibuni, maktaba ni miongoni mwa mahali pachache mjini ambapo mtu huingia bila kulipa, hukaa kwenye kompyuta bila kuhesabiwa dakika kwa shilingi, na hukuta mtumishi ambaye kazi yake ni kumsaidia.

Na katika miaka hiyohiyo mambo ya lazima yalikuwa yakihama kutoka kwenye karatasi. Bahati nasibu ya viza ya Marekani iliacha kupokea maombi ya posta mwaka 2003 na kuhamia kwenye intaneti. Waajiri wakubwa walianza kukataa barua za mkono. Baadaye hata nyumbani kulifuata: tangu Kenya ilipoanzisha tovuti ya eCitizen mwaka 2014, huduma nyingi za serikali, maombi ya pasipoti yakiwemo, zimepitia humo.

Katika hali hiyo, mkutubi asiyejua kufungua anwani ya barua pepe hawezi kumsaidia mzee anayetafuta kazi ya usafi katika uwanja wa ndege. Ujuzi wa mtumishi ndio mpaka wa msaada anaoupata mgeni.

Mchezo kama darasa

Suala la michezo ndilo lililoleta ubishi zaidi. Wapo waliouliza kodi ya wananchi inahusiana vipi na watoto wanaopiga kelele mbele ya skrini. Watetezi walijibu kwamba kijana asiyevutwa na rafu za vitabu huvutwa na mchezo, na akishaingia ndani huzoea mahali na watu wake. Novemba 2008, chama cha maktaba cha Marekani kiliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya taifa ya michezo katika maktaba.

Katika kaunti ya Hennepin, ambayo Januari 2008 ilikuwa imeunganisha maktaba zake na zile za jiji la Minneapolis, jambo hilo lilipelekwa hatua moja mbele. Maktaba hiyo iliongoza mradi wa kuwafundisha vijana kutunga michezo na katuni kwa Scratch, programu iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na chuo cha MIT. Lakini ili kijana afundishwe, ilibidi mtumishi ajifunze kwanza, na mara nyingi alijikuta akijifunza kutoka kwa kijana yuleyule. Hapo mkutubi aliacha kuwa mlinzi wa ukimya.

Zana zilizokufa

Ukiitazama leo orodha ya yale masomo 23, utadhani unasoma majina ya kaburini. Delicious, tovuti ya kuhifadhi viungo, imezimwa. MySpace imebaki jina. Google Reader, iliyotegemewa na wengi kufuatilia habari, ilifungwa mwaka 2013.

Je, juhudi ile ilipotea bure? La. Kilichofundishwa hasa si MySpace, bali ujasiri wa kugusa kitu kigeni, kukosea mbele ya wenzako, na kuendelea. Ndiyo maana mwaka 2013 Minnesota iliweza kuandaa mambo mengine 23, safari hii kuhusu simu za mkononi.

Hata hivyo, mpango ule ulikuwa na mapungufu. Kujifunza kwa hiari humfaa aliye na saa tulivu ofisini kuliko anayehudumia foleni siku nzima, na si wote walioanza waliomaliza. Aidha, ujuzi wa mkutubi haufui dafu mbele ya kanuni zinazomfungia mtu mlango: Saint Paul ilifuta faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2019 na Hennepin mwaka 2021, baada ya kuona kwamba madeni madogo yaliwaweka mbali wale hasa waliokuwa na shida zaidi.

Somo kwa Afrika Mashariki

Kanda hii haijakosa ubunifu. Huko Garissa, huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia mwaka 1996, na maktaba ya Kibera imetumia kompyuta kibao kuwafundishia watoto. Lakini bajeti za serikali huelekea zaidi kwenye vitu vinavyohesabika. Mpango wa Kenya wa vifaa vya kidijitali mashuleni, ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, uligawa vifaa zaidi ya milioni moja. Vifaa huzeeka, huharibika, na programu zake hupitwa na wakati, kama orodha ya Minnesota inavyoonyesha.

Mtu aliyefunzwa kujifunza hazeeki kwa kasi hiyo. Mafunzo ya 2008 hayakuhitaji jengo jipya wala mitambo ya gharama. Yalihitaji kompyuta zilizokuwapo, muunganisho wa intaneti, na wakubwa wa kazi walio tayari kumwona mtumishi akicheza bila kumdhania mvivu. Sharti hilo la mwisho halinunuliwi kwa zabuni, na huenda ndilo gumu kuliko yote katika ofisi nyingi za umma, kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala.