Kinachomtuliza Mgeni Mjini

Kampuni ya Mercer hutoa mara kwa mara orodha ya miji inayosifiwa kwa ubora wa maisha, na kwa miaka mingi Vienna, mji mkuu wa Austria, ulikuwa kileleni. Orodha hiyo ikitoka, nasi huanza kuulizana Nairobi imeshika nafasi ya ngapi na Dar es Salaam imeachwa wapi. Ni nadra kukumbuka kwamba ilitungwa kwa ajili ya waajiri. Kampuni inayompeleka mtumishi wake ng'ambo hutaka kujua imlipe posho kiasi gani kufidia tabu za huko aendako. Mtu anayepimiwa hapo mara nyingi amelipiwa nyumba, bima na ada za watoto, na kibali chake kimeshughulikiwa na ofisi. Wageni wengi waliotapakaa katika miji ya dunia hawako hivyo. Walikuja kwa nauli yao, wakapanga chumba kwa fedha yao, na kibali wanakitafuta wenyewe kwa kupanga foleni. Tukitaka kujua mji unampendezaje mgeni, huyu ndiye wa kumtazama. Kwake yeye, naamini, hakika ya kesho inazidi barabara za juu, bustani na minara ya vioo. Anataka kujua kwamba kibali alicho nacho leo kitahuishwa mwakani kwa masharti yaleyale, kwamba biashara yake haitafutwa kwa tangazo la jioni moja, na kwamba askari hatamsimamisha kwa sababu tu ya sura yake au lafudhi yake.

Nairobi inafaa kuchunguzwa kwa sababu imewahi kulipatia jambo hili la hakika ya kesho na imewahi kulikosea. Mwaka 1972 Umoja wa Mataifa uliamua kuweka huko makao makuu ya shirika lake la mazingira, UNEP, na leo Gigiri, mtaa wa Nairobi ziliko ofisi zake, ni mojawapo ya vituo vikuu vinne vya umoja huo, pamoja na New York, Geneva na Vienna. Husemwa kwamba wageni wa Gigiri wanashikwa na hali ya hewa na mbuga ya wanyama iliyo kando ya jiji. Hewa ya Nairobi ni nzuri kweli, lakini Arusha na Kigali nako hewa ni nzuri. Kilichoikalisha jumuiya ile kwa zaidi ya miaka 50 ni makubaliano yanayoheshimiwa. Marais wamebadilika, chaguzi zimeleta vurugu, mabomu yamelipuka mjini, na bado haki za shirika na watumishi wake hazikutikiswa. Mgeni wa Gigiri anaweza kumwandikisha mtoto shule akijua atamaliza.

Katikati ya jiji, wageni wa namna nyingine kabisa, wanamuziki, walikuja bila makubaliano yoyote. Wilson na George Kinyonga wa Tanga waliingia Kenya mwaka 1971 na bendi yao ikaja kujulikana kama Simba Wanyika. Super Mazembe walitoka Zaire wakafika Nairobi mwaka 1974, na miaka michache baadaye akaja Samba Mapangala akipitia Uganda. Walifuata kazi: Nairobi ilikuwa na studio, kiwanda cha kufyatulia sahani za santuri, wauzaji wa River Road na kumbi za kupiga usiku kucha. Tanzania ilikuwa na wanamuziki hodari na redio iliyowarekodi, ila kiwanda cha santuri haikuwa nacho. Nairobi ilinufaika pakubwa, kwani muziki tunaouita leo wa zamani wa Kenya ulipigwa kwa sehemu kubwa na Watanzania na Wakongo. Lakini vibali vya kazi viliwakosesha wengi wao usingizi, na ugumu wa kuvipata ulichangia kuzitawanya bendi. Mji uliowavuta kwa fursa haukuwapa pa kuegemea.

Kisha kuna Eastleigh, ambayo wenyeji huiita Isili. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi na wafanyabiashara wa Kisomali walijiunga na Wasomali wa Kenya waliokuwepo tangu zamani, wakageuza nyumba za kulala wageni kuwa maduka, na maduka yakawa majengo makubwa ya biashara yanayouza nguo, simu na vitambaa hadi nchi jirani. Barabara zilikuwa tope na maji taka yalipita wazi, wala hakuna orodha ya kimataifa ambayo ingemshauri mtu aishi pale. Wakakaa na kuwekeza kwa sababu walipata ndugu, misikiti, mikopo ya kuaminiana na soko. Mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, serikali ilianzisha msako wa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwemo raia wa Kenya ambao kosa lao lilikuwa kufanana na wageni. Maduka yalifungwa na baadhi ya wafanyabiashara wakahamisha mitaji. Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwatafuta wauaji, hilo silipingi hata kidogo. Lakini msako uliowakusanya watu kwa kabila uliwafundisha wakazi wa Isili kwamba miaka 20 ya kulipa kodi na kutoa ajira haikuwajengea stahili yoyote. Pigo kama hilo halifidiwi kwa kuweka lami, ingawa lami nayo walistahili tangu mwanzo.

Atasimama mtu hapa anitajie Dubai, ambako wageni ni takribani watu tisa katika kila kumi, na uraia karibu wote hawaupati hata wakizeekea huko. Pingamizi hili ni zito. Lakini tuangalie Dubai inauza nini. Kwa mwenye mtaji inauza sheria za biashara zisizobadilika ovyo, leseni inayotoka upesi na usalama wa mali. Na hata huko, kukosa mizizi kuna gharama yake: msukosuko wa fedha wa 2008 na 2009 ulipofuta kazi, ukaazi uliofungwa kwenye ajira ulikwisha pamoja nazo, na wageni wakaondoka kwa wingi. Mwaka 2019 Falme za Kiarabu zilianza kutoa vibali vya miaka mirefu, hadi kumi, kwa wawekezaji na wataalamu, jambo linaloonyesha kwamba walitaka watu waache kuishi na begi mlangoni. Kwa mtumishi wa nyumbani aliyetoka Mombasa au Kampala mambo ni tofauti. Chini ya mfumo wa kafala, ukaazi wake umefungwa kwa mwajiri mmoja, na pasipoti yake mara nyingi imefungiwa kabatini ingawa sheria inakataza. Huyo amepelekwa Ghuba na uhitaji, na kumhesabu kama ushahidi wa mvuto wa mji ni kumdhulumu mara ya pili.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenyeji, nalo nalipa uzito mkubwa zaidi: wageni wakijaa, kodi za nyumba hupanda. Lisbon imeyaona haya. Tangu 2012 Ureno iliwapa ukaazi wageni walionunua nyumba za bei kubwa, na hadi ilipoiondoa njia hiyo ya kununua nyumba mwaka 2023, wenyeji walikuwa wameandamana mitaani kwa kushindwa kupanga katika mji waliozaliwa. Kosa lilikuwa kuuza ukaazi kwa bei ya kuta, kwa watu ambao hawakulazimika hata kuishi mle ndani. Zanzibar, inayowapa kibali cha ukaazi wageni wanaonunua nyumba katika miradi yake mipya, ijifunze mapema. Mwalimu au fundi anayeishi mtaani mwaka mzima hufanya kazi na kununua samaki sokoni, wakati nyumba ya mwekezaji asiyekuwepo imefungwa miezi kumi.

Kuhusu ajira, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwishoni mwa Julai 2025 Tanzania iliwapiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni. Malalamiko ya wafanyabiashara wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, yalikuwa ya kweli: mwagizaji mwenye makontena akishuka kuuza rejareja, mchuuzi mzalendo hana pa kusimama. Lakini amri ile iliwaweka kapu moja mwagizaji huyo na msusi kutoka Bukavu au fundi simu kutoka Bujumbura, ambao wana mtaji sawa na majirani zao. Kenya ililalamika, na si bure, maana itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, inayotupa haki ya kufanya kazi na biashara katika nchi za wenzetu, ilianza kutumika tangu Julai 2010. Kariakoo ingelindwa vizuri zaidi kwa kuweka kiwango cha mtaji, kumtenganisha mwagizaji na muuza rejareja, na kukagua kodi kwa ukali uleule kwa kila mtu.

Kenya na Rwanda zilikubaliana zamani kufuta ada za vibali vya kazi kwa raia wao, na anga haikuanguka. Nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki zifuate, na kibali chenyewe kiwe cha miaka mitatu au minne ili mtu aweze kutia sahihi mkataba wa nyumba na kukopa benki. Majiji hayatoi vibali vya uhamiaji, lakini leseni za biashara na meza za sokoni zimo mikononi mwao. Yaanze hapo: ada ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, muda wa kujibiwa utajwe, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Mchuuzi mzalendo wa Gikomba jijini Nairobi au Tandale jijini Dar es Salaam, anayezungushwa kila siku kwa leseni hiyohiyo, atakuwa wa kwanza kufaidika.