Usiguse Hapo!

Hapa Nyasubi, mjini Kahama, kijana akiketi mbele ya kompyuta ya ofisi, somo la kwanza analopewa ni "usiguse hapo." Asiguse rangi, asiguse ukubwa wa maandishi, asiguse mpangilio wa kipanya. Alivyoikuta ndivyo aiache. Mimi nasema somo hilo ni baya, na wanaolitoa wanafuga woga kisha wanauita nidhamu.

Kijana mmoja ninayemfahamu aliajiriwa kutunza kompyuta za ofisi fulani. Kazi yake ilikuwa kuingia katika seva iliyo mbali kwa kutumia teminali, yaani lile dirisha la kuandikia amri, na kurekebisha mafaili kwa Vim, programu ya kuhariri maandishi. Dirisha lake lilikuwa jeusi, nayo Vim ikadhani ni jeupe. Basi maneno ya tahadhari yaliyokuwamo ndani ya faili yakatokea kwa buluu iliyokolea juu ya weusi, hayasomeki. Akataka kunakili namba ndefu kwa kipanya kama alivyozoea, kikagoma. Akaiandika kwa mkono, akakosea tarakimu moja. Kazi za ofisi zikasimama siku nzima, naye akakatwa mshahara.

Dawa yake ilikuwa mistari miwili tu. Ukiandika :set background=dark unaiambia programu kwamba dirisha ni jeusi, nayo huchagua rangi zinazoonekana. Ukiandika :set mouse= unairudishia teminali kipanya chake, unakili kama kawaida. Hata kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuburuta kipanya hutosha katika teminali nyingi. Kijana hakuyajua hayo kwa kuwa alikatazwa kuyatafuta. Je, nani alistahili kukatwa mshahara?

Wakuu hujibu kwamba aliyeitengeneza programu anajua zaidi. Hebu tutazame asili yake. Bill Joy alipoanza kuandika vi, mzazi wa Vim, huko California mwaka 1976, alikuwa akitumia teminali ya ADM-3A, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Ndiyo maana hadi leo herufi hizo ndizo zinazokupeleka kushoto, chini, juu na kulia ndani ya maandishi. Haukuwa wahyi, ilikuwa kibodi iliyokuwapo mezani pake. Kadhalika kipanya: ni toleo la 8.0, la Septemba 2016, lililoanza kukiwasha lenyewe, na watumiaji wengi wakalalamika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu aliye mbali atajuaje macho yangu, au mwanga unaoingia dirishani kwangu?

Wengine husema kompyuta ni ya wote, kila mtu akiipanga atakavyo itakuwa vurugu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mbali. Mipangilio ya Vim hukaa katika akaunti ya mtumiaji, haimgusi jirani. Na kama akaunti ni ya pamoja, andika amri zako ukiwa kazini. Ukifunga programu nazo zinaondoka.

Liko jambo jingine linaloniuma. Aliyeitoa Vim mwaka 1991, Mholanzi Bram Moolenaar, aliishi Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wetu, mwaka 1994, akishughulikia maji na usafi katika mradi wa watoto. Hadi alipofariki Agosti 2023 hakumdai mtu malipo ili aitumie programu yake. Aliwaomba watumiaji wawachangie watoto wale. Ukiifungua Vim bila faili, ombi hilo huweza kutokea kwenye kioo. Mungu amlipe. Lakini dunia nzima inatusoma humo kama watu wa kusaidiwa. Je, tutaridhika kuonekana hivyo tu, huku chombo chenyewe tukikiogopa, ilhali aliyekitengeneza alikiacha wazi ili kila mtu akigeuze?

Mchimbaji wa Geita akishuka duarani hufunga tochi kichwani na kuielekeza mwenyewe. Hakuna msimamizi anayemwambia, "Usiiguse, ilivyotoka dukani ndivyo ilivyo sahihi." Angeambiwa hivyo, angecheka. Kwa nini basi anayefanya kazi usiku mbele ya kioo anyimwe haki ambayo mchimbaji anayo gizani?

Ile mipangilio ya toleo la 8.0 huwekwa kwa mtu asiye na faili lake mwenyewe la mipangilio, liitwalo .vimrc. Ukiwa nalo, hata likiwa tupu kabisa, programu hukaa kando na kukuachia wewe. Kijana, litengeneze leo. Na wewe mkuu wa ofisi, mwache aguse.