Foleni ndani ya seva: nani apite kwanza?

Bagamoyo inafahamika kwa magofu ya Kaole na soko lake la samaki. Wachache hukumbuka kwamba mji huo ni miongoni mwa vituo vilivyojaribu chanjo zote mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO): RTS,S, iliyoingia majaribio ya awamu ya tatu mwaka 2009, na R21, mwaka 2021. Kazi hiyo ilifanywa na Taasisi ya Afya Ifakara kupitia tawi lake la huko.

Utafiti wa namna hiyo huzaa takwimu nyingi zinazopaswa kusahihishwa, kuunganishwa na kuchambuliwa. Nyingi kati ya kazi hizo ni za mkupuo, yaani kompyuta hukabidhiwa mzigo wote mara moja, ikaufanyia kazi kwa saa kadhaa bila mtu kukaa mbele ya skrini. Je, ianze saa ngapi?

Ofisi nyingi hujibu kwa kutazama ukutani: saa 8 usiku. Tatizo ni kwamba kila idara huichagua saa hiyo hiyo. Nakala rudufu, ukaguzi wa virusi na ripoti za mwezi hugombania prosesa moja, na asubuhi wanaoingiza takwimu wanakuta mashine ikisuasua.

Njia nyingine ni kuiachia mashine ijipime. Mifumo ya Unix na Linux ina amri iitwayo batch, ambayo huiweka kazi kwenye foleni hadi wastani wa mzigo ushuke chini ya kikomo. Katika Linux, kwa kawaida 1.5. Mzigo huo ni idadi ya kazi zinazotumia prosesa au kuisubiri. Linux huhesabu pia zinazosubiri diski, hivyo namba inaweza kuwa kubwa ilhali prosesa imepumzika.

Waliosafiri kwenda Tanga kabla daraja jipya la Wami halijafunguliwa mwaka 2022 watauelewa utaratibu huu. Daraja la zamani lilikuwa la njia moja, upande mmoja ukisubiri mwingine umalize. Kikomo cha 1.5 kina mantiki ya daraja hilo. Kukiacha kwenye seva ya leo yenye viini 32 ni sawa na kujenga daraja pana kisha kuendelea kusimamisha magari. Mwongozo wa programu hiyo wenyewe unashauri kikomo kizidi idadi ya viini ukitoa kimoja, yaani zaidi ya 31 kwa mashine hiyo. Marekebisho hayo hayagharimu hata shilingi, ingawa ni rahisi zaidi kuombea bajeti seva mpya.

Hata hivyo, kuna kazi ambazo haifai kuziambia zisubiri nafasi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutumia modeli ya WRF katika utabiri. Modeli za namna hiyo hulishwa takwimu za vituo vikuu vya dunia, ambavyo huanza mahesabu mapya saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku kwa saa zetu, na matokeo hufika saa kadhaa baadaye. Utabiri wa upepo unaomfikia mvuvi wa Mlingotini baada ya ngalawa kuondoka haumsaidii kitu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia, kila saa ilikuwa na uzito wake.

Hata katika utafiti wa chanjo si kila kitu husubiri. Tukio zito la kiafya kwa mshiriki huripotiwa kwa mdhamini haraka, kwa kawaida ndani ya saa 24. Iwapo orodha ya matukio hayo hutayarishwa na kazi iliyopangwa kusubiri mzigo ushuke, na mashine ikashinda imeelemewa, foleni haitasogea na hakuna kengele itakayolia. Amri ya batch haijui tarehe ya mwisho. Ni lazima mtu aiweke kando kazi hiyo na kuipa kipaumbele chake.

Hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa kila mkuu wa idara huiona kazi yake kuwa ya dharura. Fundi wa kompyuta hulazimika kuamua peke yake, usiku, bila waraka wowote wa uongozi unaomwambia ripoti ipi inaweza kulala hadi kesho.