Mlima Hauna Ofa

Kiangazi kinakaribia, na wiki hii matangazo yameanza tena kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: Kilimanjaro kwa siku tano, njia ya Marangu, kulala Mandara, Horombo na Kibo, kisha kilele, kisha cheti. Bei imeandikwa kwa wekundu, na kando yake bei ya siku sita imepigwa mstari kama deni lililokwisha kulipwa. Mnaoniita Mzee wa Ofa mmeshaanza kucheka, nami nawasamehe. Nimegombana hapa na ofa za sabuni na ofa za vifurushi, lakini zile zilikuwa zinakula mfuko tu. Hii inakula mapafu. Basi msimamo wangu nauweka mapema ili asiyetaka kuendelea ageuze ukurasa: safari fupi ya mlimani haina ubaya wowote mradi iwe fupi kwa mita kama ilivyo fupi kwa siku. Mwenye siku tano aishie Horombo. Anayetaka kulala Kibo alipie siku za kulala Kibo. Na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, libadilishe namna linavyotoza ada, kwa sababu ni ada hiyo iliyofanya haraka iwe bei nafuu.

Tuanze na namba, ambazo hazina siri yoyote. Lango la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Maana yake ni kwamba baada ya Mandara kila usiku unalala mita elfu moja juu ya ulipolala jana. Wilderness Medical Society, chama cha kitabibu chenye miongozo inayofuatwa na waganga wa milimani duniani kote, kinashauri kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya ulipolala leo na utakapolala kesho, na kila baada ya siku tatu au nne ukae siku moja bila kupanda. Kinachohesabiwa ni pale unapolaza kichwa. Mchana unaweza kupanda juu zaidi na kurudi, na ni vizuri ufanye hivyo. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyelala Mandara leo angelala Kibo usiku wa nne au wa tano kuanzia kesho. Ratiba ya siku tano inamlaza huko usiku wa pili. Tena kulala kwenyewe ni jina tu. Anafika alasiri, anakunywa supu kwa kujilazimisha, anajigeuza kitandani saa chache, na usiku wa manane anaamshwa aanze kupanda mita 1,175 nyingine kwenda Uhuru, mita 5,895, ambako kila pumzi inaleta takriban nusu ya oksijeni anayoipata mtu wa Tanga.

Mwili unao uwezo wa kuzoea hali hiyo, na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Unaanza kuvuta pumzi kwa kasi na kina zaidi, figo zinarekebisha damu ili kasi hiyo isilete madhara, na baadaye damu yenyewe inaongeza chembe zinazobeba oksijeni. Kazi hiyo inachukua siku, na haiharakishwi kwa maombi wala kwa viatu vya bei mbaya. Vidonge vya Diamox vinasaidia sehemu yake tu. Asiyeipa muda anaumwa kichwa, anatapika, anakosa usingizi. Hayo ndiyo mepesi. Mazito ni maji kujaa kwenye mapafu na ubongo kuvimba, na yote mawili yanaua kwa saa, si kwa wiki. Dawa yake ya kwanza na ya uhakika ni kushuka. Sitawaletea ile methali ya haraka. Mnaijua, na waongozaji wa Marangu wameshaichosha kwa kuwaimbia wageni.

Sasa kwa nini jambo linalojulikana hivi linaendelea kuuzwa kwa bango jekundu? Kwa sababu mlima unatozwa kwa siku. Kwa muda mrefu mgeni mtu mzima kutoka nje ya Afrika Mashariki ametozwa dola 70 za Marekani kwa siku kama ada ya uhifadhi, na dola 60 kwa kila usiku wa kibandani, VAT ya asilimia 18 ikiwekwa juu yake. Piga hesabu: siku moja ya ziada Horombo, ile ya kupanda hadi kwenye miamba yenye mistari ya pundamilia na kurudi kulala palepale, inamgharimu zaidi ya dola 150 kabla hajamlipa mpishi wala mgumu, yaani mpagazi, aliyembebea begi. Kampuni inayotaka kushusha bei haiwezi kuipunguza ada ya serikali. Inachoweza kupunguza ni siku. Lakini tazameni ada ya uokoaji: dola 20 kwa safari nzima, ukae siku tano au siku nane. Yaani kuokolewa tumekufanya kuwe bei moja, na kule kujikinga usihitaji kuokolewa tumekutoza kwa siku. Aliyepanga hivyo hakuwa na nia mbaya, naamini. Alikuwa anafikiria mapato. Ila matokeo yake ni kwamba mgeni mwenye busara analipa faini kwa busara yake.

Walioujua mlima huu mwanzoni hawakuupanda kwa mtindo huo. Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1888 hakuufikia kabisa, kwa kuwa wafuasi wa Abushiri walimkamata na kumwachia kwa fidia. Alipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, kilichobadilika zaidi kilikuwa mpango wa kambi. Aliweka kambi kwenye miinuko mbalimbali, wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu, hivyo aliposhindwa hakulazimika kushuka mlima wote. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa shimo la volkano, wakaona muda hautoshi, wakarudi kambini, wakapumzika, wakapanda tena. Huyo ndiye tunayemtaja kwenye vitabu vya shule kana kwamba aliupanda kwa mguu mmoja, na vijana wa leo tunawauzia mara moja tu, bila siku ya akiba.

Nepal nako watembezi wengi wanaishia kambi ya chini ya Everest, mita 5,364, bila hata kugusa kilele, na ratiba ya kawaida ya kwenda huko inaanzia Lukla, mita 2,860. Wanalala usiku mbili Namche Bazaar, usiku mbili tena Dingboche, na kwa jumla kupanda pekee kunachukua kama siku nane. Wanapata mita 2,500 kwa siku nane. Sisi tunawapandisha watu zaidi ya mita 2,800 kutoka langoni hadi Kibo kwa siku tatu, halafu usiku uleule tunawaongezea. Ndugu zangu wa Kenya wasitabasamu: gari linalokufikisha Met Station ya Mlima Kenya, mita 3,050, kesho yake ukalale Mackinder's Camp, mita 4,200, ili Jumatatu uwe kazini Nairobi, ni ofa ileile kwa jina jingine.

Najua jibu la kwanza litakalokuja, kwa sababu huja kila mara: watu wengi wanafika kwa siku tano. Ni kweli wanafika. Kuna miili inayozoea upesi, na kuna watu wanaopanda na kichwa kinachopasuka na kushuka wakisimulia picha tu. Kampuni nyingine zinanukuu takwimu zinazohusishwa na hifadhi, za mwaka 2006: asilimia 27 ya wanaokwenda siku tano hufika kileleni, siku sita 44, siku saba 64, siku nane 85. Siziegemei. Ni za zamani, na wanaozitangaza kwa sauti ni wale wenye siku nane za kuuza. Hoja yangu haizihitaji, kwa sababu swali si wangapi wanafika bali ni nani atakayeshindwa, na hilo hakuna anayelijua langoni. Nguvu za mwili hazisemi lolote. Desemba 2010 Martina Navratilova, mwenye mataji 18 ya Grand Slam ya tenisi ya mchezaji mmoja mmoja, alishushwa Kilimanjaro akiwa na maji kwenye mapafu na kupelekwa hospitali Nairobi. Kama mapafu yale yalisalimu amri, kijana wa Sinza anayekimbia Jumamosi mbili kwa mwezi asiniambie kwamba yeye yuko fiti.

Jibu la pili ni zito zaidi: waongozaji wetu wamefunzwa, wanabeba oksijeni, wanapima kiwango chake kwenye damu kwa kile kifaa cha kidoleni, na helikopta ipo. Yote sawa, na hakuna anayewaheshimu watu hao kuliko safu hii. Lakini kipimo cha kidoleni kinakuambia kwamba umechelewa, hakikurudishii usiku uliouruka. Helikopta inasubiri hali ya hewa. Ikishindikana, mgonjwa anashushwa kwa ile machela ya gurudumu moja, na wanaoikimbiza gizani juu ya mawe ni wagumu wale wale waliopandisha mizigo ya kilo 20, nao wakiwa wamelala chini ya kiwango na wamepanda kwa kasi ileile. Tena mwongozaji wa siku tano amefungwa mikono. Mgeni akianza kutapika Horombo, mwenye ratiba ya siku saba anamwambia tupumzike hapa kesho. Mwenye siku tano ana maneno mawili tu, panda au shuka, na bakshishi ya kikosi kizima iko upande wa panda.

La tatu ni la wananchi, nalo linanigusa kuliko yote. Ada ya Mtanzania ni ya shilingi na si kubwa, hivyo kwake kinachokata siku ni likizo. Kampuni zinapeleka wafanyakazi mlimani kwa ajili ya hisani, kila Desemba tunapanda kuadhimisha Uhuru na kumkumbuka Alexander Nyirenda aliyewasha mwenge kileleni mwaka 1961, na mwajiri anatoa siku tano na si zaidi. Mtasema nikidai siku saba nitawafungia wenyeji mlima wao. Hapana, nawafungulia Horombo. Nenda Mandara, lala. Nenda Horombo, lala usiku mbili, siku ya katikati panda taratibu hadi zaidi ya mita 4,000 uone Mawenzi kwa karibu, kisha shuka. Kichwa kinaweza kukuuma kidogo, maana hata Mandara hadi Horombo ni mita elfu, lakini unakaa hapohapo na njia ya kushuka iko wazi. Umepita msituni, umepita kwenye nyika ya juu yenye ile mimea mikubwa ya ajabu, umekunywa soda kwenye njia ambayo wenyewe wanaiita ya Coca-Cola, na tangu mwaka 2022 intaneti ipo, kwa hiyo hata wanaotaka kurusha matangazo mubashara wakiwa na miwani ya jua hawajanyimwa haki yao. Kosa letu ni kuwafundisha watu kwamba pasipo cheti cha Gilman's, pale ukingoni mwa shimo, au cha Uhuru hapakuwa na safari.

Kuna pingamizi moja ambalo nalikubali. Kila mtu akilala usiku wa pili Horombo, vibanda vitafurika. Tayari pale wanakutana wanaopanda, wanaoshuka na wanaopumzika. Na hata siku sita, kwa ule mwongozo nilioutaja, ni nafuu tu na si tiba, kwa hiyo siku saba zitafurisha zaidi. Suluhisho lake litauma: vibali vichache zaidi kwa siku katika miezi ya msongamano, hata kama mapato ya mwezi huo yatapungua. Hifadhi ambayo inajua kwamba haina vitanda vya kuwapandisha watu salama haina sababu ya kuwauzia vitanda vya kuwapandisha upesi.

Kwa hiyo kwa TANAPA ombi langu ni moja. Ada ya uokoaji mmeshaweza kuitoza kwa safari. Itozeni hivyo na ya uhifadhi: bei moja kwa anayeishia Horombo, bei moja ya juu zaidi kwa anayelala Kibo, akae siku sita au tisa. Chakula na mishahara ya wagumu vitaendelea kuhesabiwa kwa siku, kwa hiyo hakuna atakayehamia huko. Na wewe uliyetumiwa tangazo wiki hii, mpigie muuzaji umuulize usiku wa pili wa Horombo uko wapi. Akikujibu kwamba wewe kijana huuhitaji, usitume pesa.